Sahani za Watu Kabatini mwa Bibi

Siku ya nne baada ya kumzika bibi yangu, matanga yakiwa yameanuliwa na mikeka ya majirani imeanza kurudi kwa wenyewe, mama alifungua kabati la vyombo akaanza kuhesabu sahani. Alihesabu, akanyamaza, akahesabu tena. Kisha akaniita.

"Njoo unitazamie. Hizi si zetu."

Zilikuwa 17. Za udongo zenye maua ya bluu, za bati zilizomenyeka ukingoni, mbili za plastiki ngumu, na bakuli moja la kijani ambalo nilikuwa sijapata kuliona mle ndani. Tulizipindua moja moja. Kwetu Lamu, kama pwani yote, chombo hutiwa alama chini, kwa kuwa vyombo husafiri. Kukiwa na harusi au hitima sufuria yako huondoka mtaa wa Mkomani ikalala mtaa wa Langoni wiki nzima, na alama ndiyo inayoirudisha. Huyu hutia nukta ya rangi ya kucha, yule hukwaruza herufi kwa msumari, mwingine hupaka mstari wa rangi ya mlango. Zile sahani zilikuwa na alama za nyumba nyingi kuliko nilivyodhani bibi angeweza bado kuzifikia kwa miguu yake.

Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi. "Maskini mama," akasema. "Kumbe alikuwa ameshaanza kusahau."

Sote tuliamini hivyo. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, mtoto wa jicho ameshamziba jicho moja, na vitu alivipapasa. Ikaamuliwa nizirudishe mimi. Likizo yangu ilikuwa na siku 6 zilizobaki kabla ya kurudi Mombasa kazini, na mimi ndiye niliyekuwa mbeba sahani wake tangu utotoni. Na kwa kuwa sahani ya mtu hairudi tupu, mama akaroweka mchele wa mkate wa sinia siku hiyohiyo.

Sitamtaja bibi kwa jina lake, na mwenyewe asingependa. Mtaani aliitwa Bi Mkubwa, hata na waliomzidi umri. Nililelewa naye tangu nikiwa na miaka 6 hadi 17, nikilala naye kitanda kimoja cha besera, na kama kuna mtu aliyemjua kwa mwendo na pumzi ni mimi.

Hakuwa na mali. Nyumba ilikuwa ya mawe, kuukuu, ya urithi wa watu wengi, boriti zimepinda na chokaa inadondoka kila kaskazi inapoingia. Alichokuwa nacho ni kofia. Alishona zile nyeupe za vitobo, ambazo kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano hadi kisimame kama punje. Kofia moja nzuri ilimchukua miezi. Alikaa msanani, ile varanda ya ndani, palipo na mwanga wa kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, kofia gotini, mdomo haufungi. Mimi nilijifunza kusoma nikisikiliza habari za mji mzima zikipita juu ya kichwa changu.

Baada ya sala ya alasiri kofia huwekwa kapuni, buibui likavaliwa, na neno likawa moja siku zote: "Natoka kidogo nikamtazame fulani." Kidogo yake ilikuwa hadi magharibi. Nyumba tano, sita, siku nyingine saba. Babu alikuwa akilalamika kwamba ameoa mtu mwenye magurudumu. Majirani wengine walisema, si kwa ubaya sana, kwamba Bi Mkubwa anapenda umbea. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilipokuwa mkubwa kidogo niliona haya. Wenzangu walikuwa na mabibi waliotulia nyumbani na tasbihi. Wangu alijua nani kaposwa, nani kaachwa, nani mtoto wake anakohoa, na jahazi la nani limekwama Mokowe, upande wa bara, kwa maji kupwa.

Nyumba yetu ilikuwa na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro kuunga nyumba mbili za jamaa, na wewe ukipita chini unapata kivuli tu bila kujua kuna watu wanapita kichwani mwako. Zamani wanawake walitembeleana humo bila kushuka njiani. Bibi alilipenda wikio kwa sababu nyingine. Alisema ukikaa pale saa tano asubuhi unausikia mji. Na kweli, vichochoro vyetu ni vyembamba, punda wawili wenye mizigo hawapishani, kwa hiyo sauti na harufu hazina pa kwenda ila juu. Alinikalisha hapo nikiwa na miaka kama 9, akaniambia nifumbe macho.

"Wasikia nini?"

Nilimtajia wa nyumba zote nilizozisikia: anayepiga kinu, anayekaanga vitunguu, redio, mtoto analia.

"Na nazi?"

Nikasikiliza. Mbuzi ya kukunia nazi ina sauti yake, mkwaruzo wa haraka wenye mapigo, huwezi kuufananisha na kitu kingine. Nikazihesabu tatu. Akaniuliza ya nne iko wapi, ile ya nyumba ya pembeni. Sikuisikia.

"Leo siku ya tatu," akasema, akasimama.

Lamu huwezi kupika bila nazi. Wali ni wa nazi, samaki ni wa kupaka, mbaazi zataka tui, hata mboga za majani. Nyumba isiyokuna nazi siku tatu ama imesafiri ama imeishiwa, na ile haikusafiri, viatu vilikuwa mlangoni. Sikuelewa wakati ule. Nilidhani tunacheza.

Matangani watu walisema sana juu ya moyo wake. Kila aliyeingia kumpa mama mkono alisema, "Alikuwa na moyo," na bibi mmoja mzee akasoma ule msemo wetu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nausadiki. Ila mimi niliyemwona kila siku nataka niseme kitu ambacho msemo huo hauelezi. Moyo wanao wengi. Bibi alikuwa na hesabu. Mchele aliupima kwa kopo la maziwa: kopo moja kwa kila kichwa cha nyumba, kisha mawili ya ziada, kila siku, hata siku ambazo debe lilikuwa linaonyesha tako. Yale mawili hayakuwa ya "yeyote atakayetokea". Kabla maji hayajachemka yalikuwa yameshapata wenyewe, kutokana na alichokiona jana alasiri. Kofia ikiuzwa, pesa zilifungwa kwenye pindo la leso kwa mafundo matatu: la deni la dukani, la nyumba, na la tatu ambalo hakulitaja jina wala hatukuliuliza. Fundo la tatu lilikuwa dogo kila mara. Lakini halikupata kukosekana, na sikumwona hata siku moja akilifungua kwa ajili ya fundo la kwanza.

Na ile safari ya alasiri ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Aliingia, akakaa, akanywa kahawa chungu kikombe kimoja, akazungumza habari za harusi ya mwaka jana, na huku anaangalia. Jiko lina jivu la leo au la juzi? Mtungi wa mchele umefunikwa kawa au umetiwa nguo za kufua? Hakuuliza hata mara moja, "Mna shida gani?" Alikuwa akisema mtu mwenye ndaa, yaani njaa, haambii mtu, ila mato yake, yaani macho, hufuata sahani.

Hapa lazima niseme kosa langu, maana bila hilo nisingejua chochote.

Nilikuwa na miaka 12, Ramadhani. Mtaa wa pili kulikuwa na mama aliyefiwa na mumewe baharini, ana watoto wanne. Bibi alinipa sahani ya kaimati na bakuli la uji, akaniambia nipite njia ya nyuma, nibishe mlango wa uani. Nilikuwa nimechoka na saumu na njia ya nyuma ni ndefu. Nikapita mbele. Mtoto wake wa kiume, mkubwa, labda miaka 10, alikuwa amekaa barazani na wenzake wanasubiri mwadhini. Sikutaka kupanda ngazi. Nikamwita kwa jina, mbele ya wale wavulana wote, nikasema, "Njoo uchukue futari yenu, bibi yangu amewaletea, anasema leo hamkupika."

Bibi hakuyasema hayo. Niliyaongeza mimi, kwa kuwa nilijua.

Yule mtoto hakuinuka. Aliangalia miguu yake. Mwenzake mmoja akacheka. Nikaiweka sahani juu ya baraza nikaondoka, na kabla hatujamaliza kufuturu sahani ilirudi nyumbani kwetu, imefunikwa kitambaa kisafi, kaimati zote zimo. Aliyeileta alikuwa binti mdogo wa kike. Alisema mama yake anashukuru sana, wao wameshapata.

Bibi aliitazama ile sahani muda. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Nilikutuma upeleke chakula. Sikukutuma upeleke habari."

Hakunipiga wala hakurudia. Kesho yake alasiri alikwenda mwenyewe, na ilimchukua wiki tatu za kwenda na kurudi kabla mlango ule haujamfungukia kama zamani. Wakati huo wote sahani zake mle ndani hazikupokewa, na mimi nilijua wale watoto wanafuturu maji na tende. Nimewahi kufanya makosa makubwa kuliko hilo, lakini hakuna ninalolikumbuka kwa mwili namna hiyo. Bado naiona ile miguu, ina vumbi jeupe la kichochoroni, kidole kimoja kimefungwa uzi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuona jambo jingine ambalo sikulielewa vilevile. Kifumbu chetu cha kuchujia tui kilikuwa kinaning'inia msumarini, lakini Bibi alinituma kwenda kuazima cha yule mjane. Nikamwambia, "Bibi, chetu kipo." Akasema kimelegea. Nilikitazama, hakikulegea. Nikaenda kuazima. Mara nyingine alinituma nikaombe chumvi, au mwiko, au sahani mbili za bapa kwa kuwa "tuna wageni". Nilikuwa mtoto wa kutumwa, nilikwenda. Kifumbu kilirudi jioni ndani ya sufuria, na sufuria ilikuwa na kitu. Sahani zilirudi na kitu. Sikuunganisha.

Nisimfanye malaika. Ukarimu wake ulibebwa na mikono ya wengine, na mikono hiyo ilikuwa ya wanawake wa nyumba ile. Mwezi wa Mfungo Sita, mji unapojaa kwa Maulidi, watu huja kutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Ngazija na Uganda kuelekea Riyadha, ule msikiti wa Habib Swaleh, mtu wa Ngazija aliyekuja Lamu akawasomesha hata wale waliokuwa wakifungiwa milango ya elimu, watumwa wakiwemo. Hoteli haziwatoshi wageni hao na wengi hawana pesa za hoteli. Bibi alishuka gatini akarudi na watu asiowajua. Mwaka mmoja walilala kwetu wanawake 14, msana mzima umetandikwa mikeka, na sisi wasichana tuliamka saa kumi alfajiri kukanda mahamri na kulala saa sita usiku vidole vimechubuka kwa masufuria. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Nilimsikia akilia jikoni, akimwambia dada yake kwamba mama mkwe wa watu ana nafuu kuliko mama wa mtu mwenyewe anayekupa wageni kila kukicha. Alikuwa na haki ya kulia. Bibi alizoea kwamba sisi tupo, na hakutuuliza. Hilo nalikumbuka pamoja na mazuri yake, kwa sababu leo nikitaka kukaribisha watu nyumbani kwangu huwa nauliza kwanza nani atapika.

Lakini pia wale wanawake 14 walipoondoka, mmoja wao, mtu wa Tanga, alimwachia mama pakacha la maembe na leso mpya, na miaka mingi baadaye mimi nilipokwama Tanga kwa basi kuharibika, ni kwake nilikolala. Alinitambua kwa sauti, akaniambia nazungumza kama Bi Mkubwa.

Nikafika chuo Mombasa, nikaajiriwa. Mwaka 2014 nilirudi kufunga kumi la mwisho la Ramadhani nyumbani. Ulikuwa mwaka mzito. Juni kulikuwa na mashambulizi ya Mpeketoni, mengine yakafuata, na Julai serikali ikaweka kafiu Lamu, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Huo ni wakati wa magharibi hasa. Saa ambayo kila kichochoro kilikuwa na mtoto anayekimbia na sahani iliyofunikwa kawa, ndiyo saa iliyotakiwa kila mlango uwe umefungwa. Tarawehe hakuna. Mji ule usiolala Ramadhani ukanyamaza hadi ukisikia mawimbi ya gatini ukiwa kitandani.

Kilichouma zaidi ni uvuvi wa usiku kukatazwa. Wavuvi wa nyavu za jarife hutega usiku, na Julai ni kusi, bahari imechafuka, mchana kupata kitoweo ni bahati. Nyumba za wavuvi zilizokuwa zikila kwa siku hazikuwa na siku. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya 70. Alibadili ratiba yake yote. Kupika kukawa saa nne asubuhi, kutembea kukawa baada ya adhuhuri na jua kichwani, na kwa zile nyumba za upande wa pili sahani zilivuka wikioni, mkono kwa mkono, kama zamani za mabibi zake.

Siku moja nilimfuata hadi kwa mke wa mvuvi, Langoni. Alikaa, akapumua, akasema mkono wake wa kulia unamuuma siku hizi, hawezi kukuna nazi, na ana watu wa kufuturisha. Je, mwanawe anaweza kumsaidia? Yule mama akasema, "Bi Mkubwa, hilo nalo la kuomba?" Uso wake ulifunguka, hata kukaa kwake kulibadilika. Nazi 4 zikakunwa pale, tui likachujwa pale, wali ukapikwa pale kwa mchele tuliokuja nao, na tulipoondoka tulibeba sufuria lisilofika nusu. "Uliobaki utaharibika njiani," Bibi akasema, "jua hili." Usiku ule nikaamka kula daku nikamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi kwa mkono wa kulia. Nikamuuliza mkono vipi. Akasema umepoa.

Nikaamini.

Mombasa nilifanya wanachofanya watu wa rika langu. Nilituma pesa. Kila mwisho wa mwezi, M-Pesa, bila kukosa, na za Ramadhani juu yake, na nikaona nimetimiza. Wakati mwingine nilituma na za jirani fulani niliyesikia anaumwa, moja kwa moja kwenye simu yake, na yeye akinijibu kwa ujumbe wa dua ndefu. Bibi hakuzidharau pesa. Alinipigia kila zikiingia, akiomba dua, kisha akisema neno moja kila mara: "Zimefika, mwanangu. Na wewe utafika lini?" Nilicheka nikasema kazi. Barabara ya Garsen haikuwa salama miaka ile, ni kweli, msafara wa mabasi ulisindikizwa na askari. Lakini baadaye ilitulia na mimi niliendelea kusema barabara.

Macho yalipomwishia aliacha kofia. Akahamia dakani, kwenye kile kibaraza cha mawe cha mlangoni, na mji ukawa unamjia yeye. UNESCO iliuandika mji wetu mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, na wageni hupita wakipiga picha madaka na milango ya kuchonga. Yeye aliwakaribisha wote kahawa, Kiswahili chake na Kiitaliano chao. Punda nao walikuwa na beseni lao la maganda hapo pembeni. Nilipokuja mara ya mwisho akiwa hai, alinijua kabla sijasema kitu. Alisema nimetembea kama mtu mwenye haraka.

Alifariki mwezi wa Shaabani, mwaka 2022, alfajiri, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Sisi wanawake tulibaki ndani. Tulisikia tahalili zinaanza mlangoni, zinageuka kona, zinapungua, na mama akawa amesimama wikioni amefumba macho, anasikiliza hadi mwisho.

Basi, zile sahani.

Nyumba ya kwanza nilibisha, nikapewa mkono, nikatoa sahani na mkate juu yake. Mwenye nyumba akaipindua. "Hii ni yangu kweli. Aliiazima kwangu Rajabu, akasema ana wageni." Nikasema pole, bibi alikuwa ameanza kusahau. Akanitazama tu. Nyumba ya pili, mume amevunjika mguu bandarini, miezi miwili hakuna kinachoingia: sahani iliazimwa, kuna wageni. Ya tatu vilevile. Ya nne ni msichana aliyeachwa akiwa na mimba. Kufikia ya tano nilikaa juu ya baraza la watu, nimepakata lile bakuli la kijani, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kifumbu. Nilikumbuka mkono uliopoa kwa usiku mmoja.

Rajabu ile Bibi hakuwa na wageni. Alikuwa akiazima apate cha kurudisha.

Alikuwa ameshapungukiwa hata nguvu za kutembea, kwa hiyo aliwatuma watoto wa mtaani kuomba sahani, na watoto haohao wakarudisha na kitu. Zile 17 ni zilizokuwa bado zamu yao haijafika. Rafiki yake wa daka aliniambia baadaye kwamba alizipanga kabatini kwa mpango, za juu ni za wiki hii.

Nilizirudisha zote isipokuwa mbili ambazo alama zake hakuna anayezijua hadi leo. Ziko kwangu Mombasa. Safari ikanichukua siku tano badala ya moja, maana baada ya ile nyumba ya tano sikuweza tena kusimama mlangoni, niliingia nikakaa.

Ya mwisho ilikuwa ya yule mjane. Nilikuwa nimeiacha makusudi. Sahani ya udongo, nzuri kuliko zote, ina mstari wa dhahabu ukingoni, na chini mstari mwekundu. Nilipita njia ya nyuma. Mwanawe, yule wa miguu yenye vumbi, siku hizi ni nahodha wa boti ya Mokowe, ana ndevu na watoto wawili. Alikuwa anatoka, akanisalimia kwa heshima, akanipisha.

Mama yake amezeeka. Alinikalisha juu ya mkeka, akaipokea sahani kwa mikono miwili, hakuipindua. Nilimwomba radhi. Si kwa sahani. Nikamtajia Ramadhani ile, kaimati, baraza. Akanyamaza kiasi cha mtu kumaliza Fatiha.

"Yamepita, mwanangu," akasema. Kisha, "Bibi yako ameazima kwangu miaka 17. Vifumbu, miko, sahani. Unadhani nilikuwa sijui?"

Sikujibu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nilikuwa nampa ile nzuri." Akaugusa ule mstari wa dhahabu kwa kidole gumba.

Akaimimina mikate kwenye sinia lake, akainuka kwa taabu, akaniuliza naondoka lini. Nikasema kesho, basi la asubuhi. Akaniuliza nani atanipikia cha njiani, na mama yangu amechoka namna ile. Nikasema nitanunua.

"Hebu kabla hujaondoka," akasema, "niazime kifumbu chenu. Changu kimechanika."

Nyuma ya bega lake, kwenye msumari, kifumbu chake kilikuwa kinaning'inia, kipya, ukindu wake bado una rangi ya kijani.

Nikamwambia namletea sasa hivi.